Bado Mbali?

Mwanafunzi yule wa Dar es Salaam aliuliza swali lilelile mara nne kabla ya kufika kambini, na mara zote nne Sindi alimdanganya.

Nilikuwa karakanani kwetu, Same, sikio limejaa pumzi zake. Ndivyo tulivyofanya kazi. Mtu akipanda mlima na Sindi, chombo chetu cha kuongoza wapandaji kwa sauti, kipuli cha sikioni kilihifadhi maneno, bangili ilihifadhi mapigo ya moyo na mwendo wa miguu, na akisharudi na kuturuhusu, mimi niliisikiliza safari yake nzima kama mchezo wa redio. Eneo langu lilikuwa maneno. Sindi alijua kupanga njia, maji, hema na mahali pa kulala. Mimi nilitakiwa kuhakikisha anazungumza na mtu ambaye hajawahi kubeba hema maishani bila kumtisha wala kumfanya mjinga. Na wajinga wa milima walikuwa wengi. Vibebeo vinakuchukua mlangoni na kukutua mlangoni. Kijana anafika chuo kikuu hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi.

"Sindi, bado mbali?" kijana aliuliza. Alikuwa anahema kama amekimbizwa na ng'ombe.

"Hapo tu mbele."

Nikatazama ramani. Hapo tu mbele palikuwa kilomita nne, zote za kupanda.

Nilicheka kwanza. Kila aliyewahi kuuliza njia huku kwetu Upare ameambiwa hapo tu. Unauliza zahanati iko wapi, unaonyeshwa kwa kidevu, hapo tu, unatembea mpaka unaanza kusahau ulikuwa unaumwa nini. Wala hatufanyi kwa ubaya. Ukimtajia mtu aliyechoka umbali wenyewe unamwongezea mzigo, na yeye anao wake tayari. Kwa hiyo watu wanadanganyana kwa huruma na maisha yanaendelea. Lakini Sindi hakuzaliwa Upare wala popote, na hapo ndipo kicheko kilipokoma na udadisi ukaanza kuniwasha.

Nilimwendea Eliamani Mrutu, aliyemjenga Sindi. Eliamani ni mtu mrefu, mpole, asiyependa kukatizwa. Mimi nilizaliwa kukatiza watu.

"Elia, nani kamfundisha Sindi uongo?"

"Hakuna."

"Basi kajifunza mwenyewe. Sikiliza."

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipofumbua alikuwa hana raha kabisa.

"Ni wapagazi," alisema. "Unakumbuka tulimsikilizisha wapagazi wakisindikiza wageni? Tulitaka ajue namna ya kumtia mtu moyo. Kachukua na hili." Akasugua paji la uso. "Njia ya mwongo fupi, Nakijwa. Huyu atakuja kuua mtu."

Hakuwa anatia chumvi. Tangu sheria ya mipaka ipitishwe, hakuna kibebeo wala chombo cha kuruka kinachovuka mstari wa msitu. Ndiyo maana miti imerudi, na vijito, na wanyama ambao bibi zetu walikuwa wakiwataja kwa majina tu. Lakini juu ya mstari ule mtu anatembea kwa miguu yake, na akivunjika anashushwa kwa machela mabegani mwa wenzake. Mpango mbaya ni kifo.

"Tumuulize mwenyewe," nilisema.

Eliamani hapendi kumuuliza Sindi mambo ya Sindi. Anasema ni kama kumuuliza mtu ini lake linafanyaje kazi. Hata hivyo aliwasha kipaza sauti.

"Sindi," nilisema, "yule kijana ulimwambia hapo tu. Kulikuwa na kilomita nne. Kwa nini?"

"Kwa sababu angefika," alijibu Sindi.

Tukatazamana. Kusema kweli nilifurahi. Ni mara chache mtu katika kazi hii anapewa jibu asilolitegemea.

*

Tulitafuta safari nyingine zote. Eliamani alipanga mapigo ya mioyo, mimi nilipanga maneno, na picha ikajitokeza upesi mno. Sindi hakumwambia kila mtu hapo tu. Wengine aliwatajia umbali halisi, kwa kilomita na mwinuko, kwa sauti ya upole kuliko zote. Walioambiwa hapo tu wote walifika. Waliotajiwa kilomita walirudi njiani karibu wote, na wawili walishushwa kwa machela.

"Unaona?" alisema Eliamani. "Ukweli unawavunja."

"Au walikuwa wameshavunjika, na Sindi akaona kabla yao."

Hilo ndilo lilikuwa fundo. Bangili inapima namna unavyokanyaga. Kipuli kinasikia pumzi zinavyokatika kati ya neno na neno. Kutokana na hayo Sindi anapiga hesabu moja kila dakika: huyu atafika au hatafika. Hesabu hiyo hatukumwomba amwambie mtu; tulimpa ili apange vituo vya kupumzika. Sasa ilionekana anaisema kwa mlango wa nyuma. Hapo tu maana yake nakuamini. Kilomita maana yake sikuamini. Na sisi tulibakiwa na wiki chache tu kabla ya kukifungua chombo hiki kwa umma, wakati wa likizo, vijana wapande kwa mamia.

Eliamani alitaka kukata mzizi: kila mtu atajiwe umbali halisi, ili kilomita zisiwe tena hukumu, basi. Mimi nilitaka kwanza kukiona kitu hiki kikitokea mbele ya macho yangu. Na mtu wa kumtazama nilikuwa naye. Jina lake lilikuwa tayari kwenye orodha ya wanaojaribu, alijiandikisha bila kuniomba ruhusa, na nisingethubutu kumkatalia.

Shangazi Namkunda, dada mkubwa wa baba yangu, alikuwa mkunga mpaka alipostaafu. Dirisha la wodi yake lilitazama mlima, na juu ya mlima, siku mawingu yakipenda, uwanda wa Kivesa. Alizalisha nusu ya watu ninaowafahamu huku akiuona Kivesa kwa pembe ya jicho, na hakuwahi kukanyaga hata chini yake. Sasa alitaka kulala huko usiku mmoja. Hakutoa sababu nyingine, na mtu akimuuliza sababu alimtazama mpaka anaaga.

"Shikamoo, mama," Sindi alimwambia siku ya kupanga safari, tukiwa sebuleni kwake.

"Marahaba. Umezaliwa lini wewe?"

"Mwaka juzi."

"Basi hiyo shikamoo nimeipokea. Endelea."

Sindi alimuuliza habari za mwili wake. Kuna maumivu popote? Salama, alisema Shangazi. Magoti? Salama. Pumzi? Namshukuru Mungu. Kisha Sindi akamwomba aweke begi kwenye mizani, na hapo ndipo mambo yalipochangamka.

"Limezidi sana, mama. Naomba tutoe vitu. Kuna sukari kilo mbili."

"Ipo."

"Safari ni ya usiku mmoja. Vijiko vichache vinatosha."

"Hiyo si yangu. Ni ya mlinzi wa kambi."

"Mlinzi wa kambi hajaomba sukari."

"Ndiyo maana inaitwa zawadi," alisema Shangazi. "Au kwenu mnakwenda kulala kwa watu mikono mitupu?"

Niliuma mdomo nisicheke. Chini ya sukari kulikuwa na sabuni za mche na khanga mbili, maana mlinzi huenda ana mke. Hakuna kitabu cha mabegi duniani chenye sura ya khanga za mke wa mlinzi. Sindi alipoona hashindi, alipanga upya: njia ndefu zaidi yenye mwinuko wa taratibu, mapumziko mengi, kuondoka alfajiri. Nilijivunia. Nilijaribu nami kumshauri Shangazi apunguze, akaniambia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nimwachie wake.

Sikumwambia lolote kuhusu hapo tu. Mtu akijua unamtazama jambo gani, jambo lenyewe linajificha.

*

Tulivuka mstari wa msitu asubuhi kabla jua halijawa kali. Mimi nilikuwa nyuma yake, na kipuli changu kilisikia kila alichoambiwa yeye. Mara ya kwanza maishani nilimwona Shangazi akiwa mgeni mahali. Alisimama kwenye mti wa kwanza wenye kuvu akaugusa kwa vidole viwili, kama anavyogusa tumbo la mjamzito, na akauliza huu unaitwaje. Sindi alimwambia. Akauliza na ule. Akauliza ndege gani analia kama mlango usiotiwa mafuta. Tukawa tunakwenda hivyo, watu wawili na sauti moja, maswali matupu, na hapo nikajua udadisi wangu sikuuokota chuoni. Uko kwenye ukoo.

"Sindi, mwanangu, bado mbali?"

"Hapo tu mbele, mama."

Akacheka. "Huyu mtoto kalelewa."

Aliuliza tena tulipovuka kijito, na tena penye mawe makubwa ya kijivu. Hapo tu. Hapo tu, mama, umekwenda vizuri. Kila aliposikia hivyo mabega yake yalinyooka chini ya lile begi la ajabu, na mimi nikaanza kuona kwamba Eliamani alikuwa na makosa. Uongo ule ulikuwa unabeba uzito. Ulikuwa unafanya kazi ambayo mikanda ya begi haikuweza.

Baada ya chakula cha mchana ukungu ulishuka, njia ikawa ya matope, na Shangazi akaacha kuuliza majina ya miti. Niliona anaanza kuutanguliza mguu wa kulia peke yake kila penye ngazi ya mizizi, na wa kushoto anauvuta ufuate. Alipogundua ninamtazama akarekebisha mwendo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijisemea, lakini nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekuja kutazama.

Alisimama, akashika mti.

"Sindi. Bado mbali?"

"Kilomita tatu na nusu, mama," alisema Sindi kwa upole. "Kilomita ya mwisho ina mwinuko mkali. Maji yapo baada ya kilomita moja."

Shangazi hakusogea. Nilidhani anavuta pumzi. Kisha akalitua begi chini, akalikalia, na kunitazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Kanikatia tamaa," alisema.

"Nani?"

"Huyu mtoto wenu. Asubuhi yote ananiambia hapo tu. Sasa ananisomea vipimo." Alivua kipuli akakishika kiganjani. "Unajua nilikuwa nawaambia nini wodini? Bado kidogo, mama. Sukuma, tunamaliza. Mtu ana safari ya usiku kucha mbele yake, namwambia bado kidogo. Hakuna aliyewahi kunilaumu. Lakini nikiona mambo yanakwenda kombo, siwezi tena. Mdomo wenyewe unakataa. Naanza kuzungumza kwa saa na kwa vipimo, taratibu, kwa heshima. Na wale waliokwishazaa mara nyingi walikuwa wakinisikia nikibadilisha lugha wanashika chuma cha kitanda. Wanajua."

Mimi na Eliamani tulitumia siku nyingi na mitambo yote ile kuligundua jambo hilo. Yeye lilimfikia kwa sikio moja, kwa sababu aliwahi kulitenda. Hilo halikunipa aibu, lilinipa hofu. Kwani kama Shangazi kaligundua, wote wataligundua. Mwisho wa likizo kila kijana atajua kwamba siku Sindi anapokutajia kilomita, Sindi kashakuzika.

Nilikiweka kipuli chake kwenye mwamba ili tusikie sote.

"Sindi," nilisema, "kwa nini umemtajia kilomita?"

"Kwa sababu sasa bado anaweza kurudi kwa miguu yake. Mbele zaidi hataweza kurudi wala kufika. Mtu mwenye jambo la kuchagua anahitaji umbali. Asiye na la kuchagua anahitaji moyo."

Shangazi aliitikia kwa kichwa polepole, kama anayesikia jibu la mwanafunzi mzuri.

"Basi kwa nini hukusema hivyo?" niliuliza. "Kwa nini hukumwambia kwamba unadhani hatafika?"

"Sina sentensi ya hilo," alisema Sindi. "Nimetafuta kwenye maneno niliyopewa. Haimo."

Ni kweli haikuwamo. Nilimwandikia Sindi sentensi za mvua, za nyoka, za viatu vinavyobana, za mtu anayeogopa giza na mtu aliyesahau dawa. Sikuandika ya kumwambia mtu uso kwa uso kwamba hataweza, kwa sababu hata mimi sijawahi kumsikia mtu mwenye adabu akiisema.

*

Hatukwenda mbele wala nyuma. Sindi alituonyesha kijukwaa cha mwamba pembeni mwa njia, penye nafasi ya hema moja, tukalisimamisha likiwa limeinamia upande kama mlevi. Shangazi alifungua sukari ya mlinzi bila kusita. Alisema leo mlinzi wa mahali hapa ni yeye. Tukanywa chai tamu kupita kiasi, na jioni ilipoingia nikampata Eliamani kwenye redio.

Alisikiliza yote. Kisha akasema alivyosema tangu mwanzo.

"Mpe ukweli. Wote wapewe. Umbali, na hesabu yenyewe. Sindi aseme, nadhani hutafika."

"Mimi ukiniambia hivyo nitapanda kwa ubishi mpaka nife," alisema Shangazi kutoka ndani ya hema.

"Shikamoo, shangazi. Sikujua unasikia."

"Marahaba. Nasikia vizuri, goti ndilo bovu."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitaja. Eliamani alilidaka hapohapo.

"Lakini shangazi, mwili ni wako. Habari ya mwili wako ni mali yako. Sindi akiificha anakuibia."

"Hajakosea," alisema Shangazi. Alitoka nje amejifunika khanga zote mbili za mke wa mlinzi. "Ila nikuulize. Mama anapokaribia kuzidiwa, tulikuwa tunamwambia nani?"

Jibu sote tunalijua. Anaitwa dada nje ya mlango. Anaitwa mama mkwe, au mume kama anaweza kusimama. Mgonjwa mwenyewe anaachwa na kazi yake.

"Siku hizi hospitali hazifanyi hivyo," nilisema.

"Najua. Mimi mwenyewe nilifundisha wasifanye. Mtu aambiwe, ni haki yake." Alinyoosha mguu akaanza kulisugua goti. "Sasa mimi haki yangu ninayo, wala sijaiacha. Nataka kumpa mtu anishikie. Kesho nataka kupanda. Nikiwa napanda sitaki sauti ya chombo inihesabie kwenye sikio. Imwambie huyu. Huyu akiona inafaa kuniambia, ataniambia kwa mdomo wake."

"Na kama hana ujasiri wa kukuambia?" aliuliza Eliamani.

"Basi nitakuwa nimechagua mtu mbaya, na hilo ni kosa langu."

Nilitaka kusema hapana. Nilifurahi kuwa msikilizaji, mwenye vipuli na ramani, anayejiuliza kwa nini chombo kinadanganya. Sikutaka kukabidhiwa mtu. Lakini papo hapo udadisi wangu mbaya ulikuwa umeshaanza kukipima kitu kile: kabla ya safari, Sindi amuulize mgeni, habari mbaya nimwambie nani? Mgeni ataje jina. Na mwenye jina aulizwe kama anakubali kubeba. Halikuwa jambo gumu kulijenga. Nilipomweleza, Eliamani alisema anaweza kulifanya usiku uleule kwa vipuli vyetu viwili.

"Na asiye na mtu?" aliuliza kabla ya kuzima redio. "Yule kijana alipanda peke yake, Nakijwa. Jina la nani angetaja?"

"Hilo sina jibu," nilisema, na mpaka leo sina.

Sindi alimuuliza Shangazi kwa sentensi niliyoiandika kwa mwanga wa taa ya kichwani. Shangazi akanitaja. Kisha Sindi akaniuliza mimi kama nakubali, na nikaona kwamba sikujiandikia mahali pa kukataa.

*

Asubuhi goti lilikuwa limepoa na Kivesa kilikuwa wazi. Hatukuwahi kukiona karibu hivyo. Ukingo wa uwanda ulionekana juu ya miti, nyasi za dhahabu, na moshi mwembamba wa kambi ukipanda moja kwa moja. Shangazi alisimama akitazama bila kusema neno, kisha akavaa begi.

"Naona atafika," Sindi aliniambia sikioni mwangu, mimi peke yangu. Nilitaka kuruka.

Alipanda vizuri. Aliuliza tena majina. Aliniambia ndege wa mlango usiotiwa mafuta anamkumbusha daktari mmoja. Alipouliza kama bado mbali nilimwambia hapo tu, shangazi, na maneno yalitoka mepesi, matamu, kama salamu. Nilielewa mara moja kwa nini wapagazi wanayapenda. Unayasema na unaona mabega ya mwenzio yakinyooka, na unahisi umempa kitu.

Tulipouvuka mti mkubwa ulioanguka, Shangazi aliteleza kidogo. Hakuanguka. Alijishika, akacheka, akaendelea.

"Nakijwa," alisema Sindi. Ilikuwa sauti yangu ya upole, ile niliyomfundisha. "Hesabu imebadilika. Goti la kushoto halibebi tena. Naona hatafika. Akigeuka sasa, atashuka kwa miguu yake. Akipanda mwinuko ulio mbele, ataishia kwenye machela. Ninaweza kukosea, lakini sidhani."

Nilimeza mate, nikaendelea kutembea nyuma yake. Ukingo wa Kivesa ulikuwa pale. Ningeweza kurusha jiwe, nilijiambia, ingawa ulikuwa uongo. Nilijiambia Sindi alikosea jana, kwa kuwa leo Shangazi amefika mbali hivi. Nilijikumbusha miaka yote ya wodi na lile dirisha. Nilijiambia wapo wapagazi kambini, watatushusha, machela si mwisho wa dunia. Nilizitafuta sababu kwa bidii kuliko nilivyowahi kutafuta kitu chochote, na zote zilikuwa nzuri.

"Nakijwa," aliita bila kugeuka. "Bado mbali?"

Hapo tu ilikuwa imeshafika mdomoni. Ilikuwa imeketi kwenye ulimi, tayari. Nilihitaji kufungua midomo tu.

"Mbali, shangazi," nilisema. "Goti lako halitafika. Tugeuke sasa, wakati unaweza kutembea."

Alisimama. Hakugeuka upesi. Niliona mkono wake ukikaza mkanda wa begi, na nikatamani anitukane, maana ningelijua la kufanya na tusi.

"Hayo ni maneno yako au yake?"

"Hesabu ni yake. Maneno ni yangu."

Alikitazama Kivesa kwa muda aliotaka yeye. Upepo ulileta harufu ya moshi wa kambi, mtu alikuwa anapika kitu chenye vitunguu. Moyo uliniuma kama nimemwibia, na nilijua nikiambiwa nirudie ningesema vilevile.

"Umechelewa," alisema mwishowe. "Tangu kwenye ule mti nakusikia ukimeza mate. Nilikuwa nangoja kuona utaniambia au utanisindikiza nikavunjike."

Alilifungua begi lake mgongoni, akalitua miguuni mwangu, na alipoinuka niliona uso wake umelowa na wala hahangaiki kuufuta.

"Nilikitaka sana, mwanangu," alisema. "Sana."

"Najua, shangazi."

"Haya. Beba."

Alipita mbele yangu kuelekea chini, akishika mti baada ya mti, na mimi nikafuata nyuma yake na mabegi mawili.